Fremu Tulizozitupa Mwaya

Mwezi uliopita mliniaga kwa keki na hotuba, na aliyesoma hotuba alisema nimetumikia miaka yangu yote katika kazi ya kurusha picha. Nilinyamaza kwa heshima ya keki. Kurusha picha si kazi siku hizi, wanangu. Hata mtoto wa darasa la tatu ana simu ya kurushia. Kazi yangu ilikuwa kuangalia picha inafika lini, na kuamua ipi isifike kabisa. Sasa mitambo imebaki mikononi mwenu pale Kyela mjini, nami niko nyumbani, mvua hainiruhusu kwenda shambani, basi nimeona niwaandikie jinsi nilivyojifunza kazi hiyo. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Hazikuwa nyingi kiasi cha kuharibu karatasi.

Nilianzia Dar es Salaam, katika kituo cha televisheni ambacho hakuna haja ya kukitaja, nikiwa binti wa Ipinda niliyetoka chuo cha ufundi na sanduku la bati na lafudhi ambayo wenzangu walipenda kuiiga. Nilipelekwa chumba cha mitambo, chumba cha baridi kisicho na dirisha la nje, nikakabidhiwa kwa Mzee Salum. Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, msafi, asiyepaza sauti hata mitambo ilipowaka moto. Nilimwamkia, akaitika marahaba, halafu akaniambia niingie studio, nisimame mbele ya kamera, nipige kofi.

Nikapiga.

"Tena," akasema.

Nikapiga tena. Nilijua ananicheka, na nilianza kuwaza namna ya kurudi kwetu.

"Haya, binti, sasa njoo ukae hapa. Mimi nikapige."

Tukabadilishana nafasi. Nikiwa nimekaa kwenye kiti chake niliona, kupitia kioo cha studio, viganja vyake vikikutana. Kisha, kitambo kidogo sana baadaye, nikaviona vikikutana tena kwenye skrini.

"Umeona nini?" akaniuliza aliporudi.

"Skrini imechelewa, mzee."

"Skrini huchelewa daima. Hakuna skrini duniani isiyochelewa. Wewe uliza jambo moja tu: je, kuna mtu anayesubiriwa ajibu?"

Alinieleza hilo kwa siku nyingi, kwa mifano mingi. Mchezo wa kuigiza ukichelewa hata saa nzima, hakuna anayedhurika. Lakini mtangazaji akimuuliza swali mwandishi aliye mkoani, na swali likachukua muda kufika, watazamaji nchi nzima wanamwona mwandishi amesimama anakodoa macho. Wanasema, huyu mbona mzito hivi? Mzee Salum alikuwa akikereka sana na jambo hilo. "Mtu hakukosa kitu," alikuwa akisema, "sisi ndio tunamfanya aonekane hana adabu."

Kifaa chetu kikuu kilikuwa saa yenye mshale wa sekunde. Tuliiweka mbele ya kamera, tukaielekeza kamera nyingine iione saa hiyo pamoja na skrini inayoionyesha, tukapiga picha. Tofauti ya saa na saa ndiyo mchelewo. Bado naiamini njia hiyo kuliko tarakimu ambazo programu inajisemea yenyewe kuhusu yenyewe. Na alinifundisha kuogopa zaidi mchelewo unaobadilika kuliko mchelewo mkubwa. Mkubwa ukijulikana, watu wanajipanga nao. Unaobadilika unakukuta umeshafungua mdomo.

Baadaye mashine zile kubwa ziliondolewa, zikaja kompyuta, na kazi yote ikahamia ndani ya programu. Mzee Salum alistaafu wakati huo, akisema hawezi kubishana na kitu asichoweza kukipiga teke. Mimi nilibaki. Nilisoma usiku na mchana mpaka nikaweza kuingia ndani ya programu na kuona kila picha inapitia wapi na inakaa kwa muda gani. Nyinyi mmeikuta kazi hii ikiwa hivyo tayari, kwa hiyo huenda hamjui raha niliyoipata siku niliyoelewa kuwa ndani ya ile kompyuta kuna foleni tu.

Wageni wa kazi huwa nawaeleza kwa mashine ya kukoboa mpunga ya Ipinda msimu wa mavuno. Kamera inaleta fremu thelathini kila sekunde, yaani picha moja moja zinazopita haraka mpaka jicho linadhani ni mwendo. Hizo fremu ni watu na magunia yao. Programu ndiyo mashine: inasawazisha rangi, inapunguza ukubwa, inabandika jina la mtu chini, inafunga, inatuma. Mashine ikizidiwa kidogo tu, foleni inaanza. Mwenye mashine ana njia mbili. Anaweza kujenga kibanda kikubwa cha kusubiria, watu wakae kivulini wasinung'unike. Hicho kibanda ndicho tunachokiita bafa. Au anaweza kutoka nje awaambie baadhi yao: rudini nyumbani na magunia yenu, leo hamkobolewi. Hiyo ndiyo kutupa fremu. Vijana wote niliowafundisha walipenda kibanda, kwa sababu picha inatoka laini na mteja anasifia. Hakuna aliyependa kufukuza watu, na mimi mwenyewe ilinichukua muda kuizoea kazi hiyo.

Nilirudi Kyela baba yangu alipougua. Nilisema nitakaa miezi michache, nikakaa mpaka hii leo. Watoto wa huku wametawanyika, Mbeya, Dar, Malawi ng'ambo ya mto Songwe, Afrika Kusini, na kila mmoja anataka kuona kwao kunaendeleaje. Ndipo tukafungua ofisi ile mnayoijua, tukaanza kurusha harusi, mavuno ya kanisani, mipira na misiba.

Kasumulu ndiyo iliyonitoa jasho kwanza. Tulikuwa na harusi ya binti wa mfanyabiashara pale mpakani, nusu ya ukoo wao wako Malawi, na kila dakika chache picha iliganda. Kumbe modemu yetu ilikuwa ikishika mnara wa ng'ambo, halafu inarudi wa kwetu, halafu inavuka tena, bila kugonga muhuri wowote. Nilichukua sinia kubwa la bati jikoni nikalisimamisha upande wa mtoni, modemu nyuma yake, ikatulia. Bibi wa bibi harusi alinifuata kuuliza kama huko kwetu tunakula mitambo, maana wali wake ulikuwa unasubiri sinia. Nilimwomba radhi, akapakua kwenye beseni.

Ipinda walinifundisha jambo jingine. Palikuwa na mechi ya kata mbili zisizopatana, uwanja ukajaa, wakatuomba tuweke skrini kwenye ukumbi wa jirani kwa waliokosa nafasi. Picha ilikuwa safi sana. Nilikuwa nimejenga kibanda kikubwa. Lakini wa ukumbini walisikia uwanja mzima ukilipuka kwa goli huku wao wanamwona mchezaji bado anafunga kamba za kiatu. Ilipotokea mara ya pili wakaona wamedharauliwa, na wenye hasira wakaanza kuuliza nimetoka kata gani. Nilipunguza ukubwa wa picha, nikakifunga kibanda, ikawa picha mbovu inayofika kwa wakati. Hakuna aliyelalamika tena juu ya rangi ya jezi.

Hayo yalikuwa mambo ya kucheka. La Mwaya halikuwa la kucheka, na ndilo lililonikalisha niandike.

Binti mmoja aitwaye Bupe alikuja ofisini asubuhi, kitenge kimefungwa kiunoni jinsi wanawake wetu wanavyojifunga wakiwa msibani. Aliniamkia, nikampa pole kabla hajasema kitu. Baba yake, Mzee Ambakisye, mkulima wa kakao na mpunga huko Mwaya, alikuwa amefariki. Kaka yake, Gwamaka, mtoto wa kwanza, alikuwa Johannesburg, na karatasi zake hazikuwa sawa. Akitoka kule hawezi kurudi, na kule ana mke na watoto wadogo. Mama yao alipokufa hakuja kwa sababu hiyohiyo, na kwa aibu hakusema lolote. Alinyamaza tu, simu ikawa haipatikani. Ukoo haukumsamehe.

"Baba mdogo Asajile amesema mbele ya wote," Bupe akaniambia. "Kaka asipoagana na baba kwa kinywa chake kabla kaburi halijafukiwa, asije kusimama kwenye kaburi hilo maisha yake yote. Atahesabiwa hayupo."

"Na wewe unataka nikufanyie nini, mwanangu?"

"Nataka asikike, mama, na ajibiwe. Kuonekana tu, hata picha ya ukutani inaonekana."

Ilibidi anieleze desturi ya ukoo wao, maana mengine hutofautiana. Mtoto wa kwanza husimama upande wa kichwa cha kaburi, huwasalimu waombolezaji, nao humjibu kwa pamoja. Akishajibiwa ndipo huagana na mzazi wake na kuweka udongo wa kwanza. Udongo wa Gwamaka angeuweka Bupe, kwa neno la kaka yake. Hilo baba mdogo alilikubali. Salamu haikuwa na mbadala. Nyinyi ni watu wa huku, sina haja ya kuwaeleza sana: mtu akikusalimu ukanyamaza, umemwambia humtambui. Na mtu uliyemjibu akikusalimu tena palepale, naye anakuambia jibu lako si kitu.

Niliandaa njia mbili ndani ya programu. Ya kwanza ilikuwa ya watazamaji wote, ndugu wa Mbeya, Dar na kwingine, yenye picha nzuri na kibanda kikubwa. Wale walikuja kutazama, hakuna aliyewasubiri wajibu. Ya pili ilikuwa ya Gwamaka peke yake, nyembamba, isiyo na kibanda. Asubuhi ya mazishi tuliijaribu. Nilipiga kofi kando ya kaburi, naye kule akaniambia "sasa" kila alipoliona. Ilikuwa chini ya sekunde kwenda na kurudi. Alikuwa amevaa suti nyeusi kwenye chumba kidogo chenye kitanda nyuma yake.

Mitambo niliiweka chini ya turubai karibu na kaburi, kati ya migomba na kakao, tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mzee mmoja alinisogelea akanikumbusha kwa upole kwamba kwa desturi akina mama hubaki kule nyumbani, hatua chache kutoka pale.

"Kebo yangu imenifikisha huku, baba," nikamwambia. Alitazama kebo, akaniacha.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyowahi kuona Mwaya. Ibada ikaisha, jeneza likashushwa, kwaya ikanyamaza. Bupe alisimama ukingoni na udongo kiganjani. Mzee Asajile, mrefu, koti limefungwa hadi shingoni, alisimama upande wa pili karibu na skrini niliyoitundika kwenye nguzo za turubai. Nikampa Gwamaka ishara, na sauti yake ikatoka kwenye spika, akiwasalimu wazee kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, batata."

"Ndaga!" wakajibu wote, wanaume wa kaburini na wanawake wa nyumbani.

Kwenye skrini Gwamaka alikuwa amesimama akisubiri. Alisubiri mpaka watu wakaanza kutazamana. Niliangalia tarakimu za mchelewo kwenye kompyuta. Foleni ilikuwa imejaa, inakua huku naiangalia. Jibu la watu wote wale lilikuwa bado limekaa ndani ya modemu pale miguuni pangu.

"Mugonile, batata," akarudia, sasa kwa sauti ya chini.

Minong'ono ikapita. "Anatuchezea?" mtu akauliza nyuma yangu. Mzee Asajile hakugeuza hata shingo. "Tumeshamjibu," akasema.

Gwamaka alitazama chini, kisha akaitazama kamera yake tena. "Basi nimeelewa," akasema. "Mmekataa kunijibu. Mna haki." Akaanza kulia, na ndani ya kilio hicho jibu la kwanza likamfikia, akastuka, akasema "Ndaga, ndaga," maneno yakagongana na ya kwetu, na hakuna aliyejua tena nani anamjibu nani.

Mzee Asajile aliinua mkono akawaita vijana wenye makoleo. "Tumalize," akasema. "Mvua inakuja."

Niliogopa, na nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, niliukasirikia mnara wa simu wa pale, na hewa yote iliyo kati ya Mwaya na Johannesburg. Sikuwahi kusema neno kwenye mazishi ya watu, fundi hasemi. Siku hiyo nikasema.

"Baba, naomba usubiri. Hajawasikia. Jibu lenu bado liko njiani."

Alinigeukia. "Ndaga moja inakwenda Johannesburg kwa miguu, mama?"

"Leo ndiyo, baba. Barabara imejaa."

"Imejazwa na nani?"

Nikaonyesha kwa kidole. Kila mtu aliyeweza kuinua mkono alikuwa ameinua simu. Walikuwa wakirusha, kila mmoja kwa nduguze, kwa mapenzi mema kabisa, na wote kupitia mnara mmoja tunaoutegemea sisi. Kabla hajanijibu, sauti ya mwanamke ikatoka kwenye koti lake yeye mwenyewe, mfuko wa juu, ambako simu ilikuwa imechungulia kidogo: "Inua kidogo, kaka, sisi wa Karonga hatuoni jeneza!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Asajile aliitoa simu, akaitazama kana kwamba amepewa na mtu mwingine, akaizima. Kisha akawageukia watu na kusema kwa Kinyakyusa, bila kupaza sauti, kwamba kila mwenye simu aizime, hata mchungaji. Nikaona mikono ikishuka hadi kule nyumbani, simu zikiingia mifukoni na ndani ya vitenge.

Mimi nami nilikuwa nikikata. Nilifunga njia ya watazamaji wote, mamia ya watu wakabaki na skrini nyeusi katikati ya mazishi, na wako wanaonilaumu kwa hilo hadi leo. Nikaondoa majina, nikaondoa usawazishaji wa rangi, nikapunguza picha mpaka ikawa ndogo kama ya pasipoti. Nikaiamuru programu ilinde sauti kwanza, na itupe bila huruma kila fremu iliyochelewa. Thelathini zikawa kumi, kumi zikawa mbili kwa sekunde, na wakati mwingine moja. Tarakimu zilianza kushuka taratibu, halafu, kadiri simu zilivyozidi kuzimwa, zikashuka kwa kasi. Muda wote huo Bupe hakusogea. Manyunyu yalikuwa yameanza, na udongo aliokuwa ameushika ulikuwa unageuka tope na kumtoka katikati ya vidole. Kila ulipopungua aliinama akachukua mwingine.

Nikashika maiki. "Gwamaka, mwanangu, mimi ndiye fundi. Walikujibu wote, tangu mara ya kwanza. Jibu lilikwama kwenye mitambo yangu, halikukwama kwao." Kisha nikamtazama Mzee Asajile, maana salamu ya tatu haikuwa yangu kuiomba.

Alimtazama Bupe na udongo wake. Nilisikia matone kwenye turubai.

"Asalimu," akasema.

"Mugonile, batata."

"Ndaga!"

Tuliiona ikimfika. Hatukuwa tumemaliza vizuri kuitamka, na uso wake ulikunjuka, akafumba macho. Mwanamke mmoja nyumbani akapiga ukunga, na huo nao ulimfika palepale, akauitikia kwa kichwa.

"Tata," akasema, na alikuwa anasema na baba yake sasa, si na sisi. "Sikukuuguza. Mama naye sikumzika. Si kwamba nilisahau njia. Nilikuwa na watoto huku, nikawachagua wao, na nikaona aibu kukwambia. Wewe ungenielewa, lakini sikukupa nafasi. Nenda salama kwa Mungu wetu, Kyala. Msalimie mama."

Wanaume waliokuwa wamekunja mikono waliikunjua. Nilikuwa nalia, na sikuona haya, ila nilihofia machozi yasiingie kwenye kibodi.

"Bupe," akaita.

"Naam, kaka."

"Weka."

Bupe akanyoosha mkono juu ya kaburi, akafungua vidole. Udongo ule uliolowa ulianguka wote kwa pamoja, ukagonga mbao kwa kishindo kilichosikika hadi nyuma ya migomba.

Kwenye kompyuta yangu kuna kidirisha kinachonionyesha hasa kile kinachofika upande wa pili. Nilikiangalia. Fremu moja: mkono wa Bupe umefumbwa. Fremu iliyofuata: mkono uko wazi, mtupu. Kuanguka kwenyewe kulikuwa katikati, ndani ya zile fremu nilizoamuru zitupwe, na hakukuwa na namna ya kuzirudisha. Nilihisi nimemnyima mtu kitu kimoja alichokuja kukiona.

Mzee Asajile alikuwa ameisogelea skrini hadi pua yake ikakaribia kuigusa. "Gwamaka," akasema. "Umeona?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angembishia.

"Sikuona, tata," akajibu. "Mkono ulikuwa umejaa, halafu ukawa mtupu. Lakini nimeusikia udongo ukimgonga baba."

Mzee Asajile aliweka kiganja chake juu ya skrini, juu ya ule uso mdogo, akakaa hivyo mvua ikimlowesha koti. Kisha akawageukia vijana wenye makoleo.

"Mwanangu ameusikia," akasema. "Amezika. Fukieni."